Barua ya wazi: Damu tuliyotoa Kilifi na habari ambazo hazijarudi

Kwa Waziri wa Afya, Kamishna wa Data, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), Gavana na Bunge la Kaunti ya Kilifi, na wakuu wa taasisi zote nchini zinazohifadhi sampuli za binadamu kwa ajili ya utafiti.

Waheshimiwa,

Damu ya watu wa Kilifi imejibu maswali mengi ya tiba, mengi kuliko wanavyojua wenyewe walioitoa. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, walianza utafiti wao hapa mwaka 1989. Tangu mwaka 2000 kuna sensa ya kudumu ya afya inayofuatilia watu wapatao 300,000 katika maboma yao: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani ameolewa akaondoka. Mtoto akilazwa katika hospitali ya kaunti, hutafutwa kwenye sensa hiyo na kuunganishwa na boma alikotoka. Damu yake ikibaki baada ya vipimo, na mzazi akikubali, inahifadhiwa, na namba iliyo kwenye kichupa inaongoza hadi kwenye taarifa zake zote.

Nimefanya kazi ya nyanjani katika miradi ya utafiti wa afya hapa Pwani. Nimeketi chini ya miembe na akina mama nikiwasomea fomu za ridhaa kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na mimi mwenyewe ni mzazi niliyetia saini fomu hizo. Ninaandika kwa sababu naamini katika kazi hii, na kwa sababu kuna deni ndani yake ambalo ni ninyi pekee mnaoweza kuamuru lilipwe.

Uzi unaowawezesha watafiti kutufuata kwa miaka ishirini au thelathini unavutwa upande mmoja tu. Taarifa zinatoka bomani kwenda maabara. Kutoka maabara kurudi bomani hupita machache sana, na hayo machache hutegemea wema wa mradi mmoja mmoja. Ninaomba sheria iseme kwamba uzi huo lazima ufanye kazi pande zote mbili.

Acheni nieleze kinachotokea, maana wengi wanaoamua mambo haya hawajawahi kuingia maabara hizo. Damu hutolewa kwa bomba la sindano na kuwekwa kwenye kichupa, mara nyingi chenye kifuniko cha zambarau, chenye dawa ya kuizuia isigande. Husafirishwa kwenye boksi la barafu, huzungushwa kwa mashine hadi maji ya damu yajitenge na chembe, kisha hugawanywa katika vichupa vidogo vyenye kibandiko cha namba na mistari ya kusomwa na mashine. Vichupa hivyo hukaa kwenye friza za nyuzi 80 chini ya sifuri. Jina la mtu halimo kwenye kichupa. Liko kwenye orodha nyingine, inayotunzwa kando, na wachache tu ndio wanaoruhusiwa kuifungua. Thamani yote imo kwenye uhusiano wa kichupa na orodha. Kichupa kisichojulikana ni cha nani kinaweza kutuambia mambo machache. Kikiunganishwa na sensa na rekodi za hospitali, kinaweza kutuambia ni nini kilichokuwa ndani ya damu ya mtoto miaka mitano kabla hajaugua.

Faida yake tumeiona. Mwaka 1949 daktari kijana, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alikusanya damu ya jamii mbalimbali nchini na kugundua kwamba chembe za urithi za seli mundu (zile zinazofanya seli nyekundu za damu zipinde kama mundu) zilikuwa nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria lakini chache milimani. Kufikia 1954 alikuwa ameonyesha kwamba anayerithi seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria. Nusu karne baadaye, sampuli za watoto wa Kilifi zilizounganishwa na rekodi za kulazwa zilionyesha ukubwa wa kinga hiyo: karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Chanjo ya nimonia ilipoanza kutolewa nchini Januari 2011, ni sensa ya Kilifi na damu iliyooteshwa katika maabara ya Kilifi ili kuona ina vijidudu gani zilizothibitisha kwamba maambukizi mabaya ya aina zile za vijidudu zilizo kwenye chanjo yalipungua kwa watoto kwa zaidi ya asilimia 90. Na mwaka 2020, wakati nchi haikujua korona imeenea kiasi gani, watafiti walipima mabaki ya damu ya wachangiaji wa kawaida, damu ambayo tayari ilikuwa imekusanywa kwa ajili ya hospitali, na kukuta dalili kwamba virusi vilikuwa vimewafikia watu wengi mno kuliko waliopimwa na kutangazwa. Hakuna njia nyingine ambayo ingetupa jibu hilo kwa haraka kiasi hicho.

Kwa hiyo siandiki kuomba friza zizimwe. Anayesema sampuli zote ziteketezwe hajui tutapoteza nini.

Lakini angalieni walioitoa damu hiyo ni akina nani. Wengi walikuwa watoto. Mama alishika kalamu, au aliweka alama ya kidole gumba, mtoto akiwa mapajani ana homa. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2003 leo ni mtu mzima mwenye kitambulisho. Anapiga kura, anaweza kufunga ndoa, anaweza kukopa benki. Damu yake ya utotoni huenda bado ipo, na taarifa zake huenda bado zinafanyiwa kazi, kwa ridhaa ambayo hakuitoa yeye. Huenda mama aliyeitoa ameshafariki. Miongozo ya kimataifa ya maadili ya utafiti iliyotolewa na CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi za tiba, mwaka 2016 inasema wazi kwamba mtoto akifikia umri wa utu uzima, apewe nafasi ya kuamua kama sampuli na taarifa zake ziendelee kuhifadhiwa na kutumika. Hapa kwetu hakuna sheria inayomlazimisha mtu kumtafuta kijana huyo.

Nimewahi kuambiwa kwamba ni vigumu kuwapata. Kwingineko huenda ni kweli. Kilifi si kweli. Sensa inayoweza kujua kwamba fulani amehama kutoka Ganze kwenda Mtwapa inaweza pia kumfikishia ujumbe. Kwa nini tuna uwezo wa kumpata mtu tunapotaka kujua kama amekufa, lakini hatuna uwezo wa kumpata tunapotakiwa kumuuliza?

Bibi mmoja aliniuliza swali hilo kwa namna yake. Mjukuu wake alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na mradi uliochukua damu yake ulikuwa umefungwa. Alitaka kujua kama ile damu bado iko mahali fulani. Nilimwahidi kuuliza. Niliuliza, na kila mlango ulinielekeza kwenye mlango mwingine: mtafiti mkuu alikuwa amehamia nchi nyingine, meneja wa data alikuwa na mkataba mpya kwingine, na maabara ilisema haiwezi kutafuta kichupa bila idhini ya mradi ambao haukuwepo tena. Hakuna aliyefanya ubaya. Hakukuwa tu na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujibu. Bibi yule hakutaka fidia wala kesi. Alitaka kujua.

Pwani tunajua kinachoota mahali pasipo na jibu. Habari za mumiani, watu wanaosemekana kunyonya damu ya wengine, ni za zamani kuliko sisi sote, na kila mradi wa damu uliopita hapa umekutana nazo. Maofisa hupenda kuziita ujinga wa wanavijiji. Mimi nimezisikiliza kwa makini, na chini yake huwa kuna maswali ya haki kabisa: damu imekwenda wapi, imefanyiwa nini, na nani ananufaika. Mkutano mmoja wa kuwatuliza watu hauyamalizi maswali hayo. Yanamalizwa na taarifa inayokuja kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna uvumi.

Sasa nije kwenye hatari, na niseme ile ambayo haisemwi hadharani. Tunaambiwa kwamba jina limeondolewa, kwa hiyo hakuna shida. Lakini kwenye lokesheni ndogo, ukisema mama wa mapacha, mwenye umri fulani, aliyelazwa mwezi fulani kwa ugonjwa fulani, kila mtu sokoni anamjua. Na chembe za urithi zina hatari yake. Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu kwa kawaida amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Ikiwa baba anayetajwa kwenye rekodi ya boma hana chembe hiyo kabisa, mashine imesema jambo ambalo linaweza kuvunja ndoa, kumfukuza mama, na kumwacha mtoto mgonjwa bila mlezi. Watafiti wa Kilifi wenyewe wamelijadili jambo hili na wanajamii kwa uangalifu mkubwa, na nawaheshimu kwa hilo. Ila uangalifu wa watafiti wazuri hauwezi kuwa ulinzi pekee. Rekodi zinakaa muda mrefu kuliko watafiti.

Iceland walijifunza hili mapema. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1998 ya kukusanya rekodi za afya za nchi nzima katika hazina moja. Binti mmoja akaenda mahakamani kuzuia rekodi za marehemu baba yake zisiingizwe, akisema kwamba za baba zinamfichua na yeye. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimpa haki. Marekani nako, watu wa kabila la Havasupai huko Arizona walitoa damu kuanzia mwaka 1990 kwa matumaini ya kupata nafuu ya kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Baadaye waligundua kwamba sampuli zilezile zilitumika kuchunguza ugonjwa wa akili, kuoana kwa ndugu, na asili ya kabila lao, mambo ambayo hawakuwahi kuyakubali. Mwaka 2010 chuo kikuu husika kiliwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Walisafiri kuifuata wenyewe.

Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja taarifa za afya na za vinasaba kuwa nyeti. Ni sheria nzuri. Lakini inashika taarifa, na damu yenyewe inasimamiwa kwa utaratibu mwingine: kamati za maadili, vibali vya NACOSTI, na mikataba ya kusafirisha sampuli inayosainiwa kati ya taasisi na taasisi. Mwananchi aliyetoa damu haioni mikataba hiyo. Isitoshe, sheria hiyo ya data imeweka msamaha kwa kazi za utafiti, mradi tu matokeo yasimtambulishe mtu. Msamaha huo una sababu zake na sipingi uwepo. Napinga kuutumia kana kwamba unamaanisha hakuna haja ya kumwambia mtu chochote tena. Na Bunge halijapitisha sheria mahsusi ya benki za sampuli, ambayo ingeshika kichupa na rekodi yake kwa mkono mmoja.

Mtakumbuka mibuyu. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa ya Kilifi iling'olewa na kupakiwa kwenye matrela ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia. Makelele yakawa mengi, na Novemba mwaka huo Rais akaagiza uchunguzi kama kibali kilitolewa kwa mujibu wa Itifaki ya Nagoya, ile inayosema kwamba rasilimali za kijenetiki za nchi zisichukuliwe bila idhini na bila mgawo wa faida. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka kwamba itifaki hiyo haihusu rasilimali za kijenetiki za binadamu. Mbuyu wa Tezo ukipelekwa ng'ambo, Rais anaweza kuuliza kwa jina la mkataba wa kimataifa. Kichupa cha damu ya mtoto wa Tezo kikipelekwa ng'ambo, kinachosimama kati yake na matumizi mabaya ni karatasi iliyo kwenye faili la ofisi.

Ninawaandikia sasa kwa sababu mambo yanakwenda kasi. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeanzisha wakala wa kuunganisha rekodi za wagonjwa nchi nzima, na tangu Oktoba 2024 usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) umefanya namba ya kitambulisho kuwa mlango wa matibabu. Muda si mrefu rekodi ya mtu ya Malindi itaonekana Kisumu. Ni jambo jema kwa mgonjwa. Lakini siku ambayo mtu ataamua kuunganisha rekodi hizo na friza za miaka ya tisini, uwezo wa kujua mambo ya familia zetu utakuwa mkubwa kuliko ilivyofikiriwa wakati fomu zile zinasainiwa. Mwezi Disemba 2025 serikali ilitia saini mkataba wa afya na Marekani huko Washington, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda uhamishaji wa taarifa za afya za Wakenya chini ya mkataba huo, baada ya watetezi wa watumiaji kwenda kortini. Sitaingia kwenye kesi yenyewe. Ninachosema ni kwamba Wakenya wengi walijua kuna mpango kuhusu taarifa zao kwa kusoma habari za mahakama. Hiyo ni njia mbaya ya kuwaarifu watu kuhusu miili yao.

Ninayoomba yanawezekana. Kila benki ya sampuli nchini iandikishwe kwenye daftari la wazi linaloonyesha ina sampuli za aina gani, zilikusanywa kaunti gani na miaka gani, anayezisimamia ni nani, na zimekwenda wapi. Daftari hilo lisiwe na jina la mtoaji hata mmoja, lakini liwe na jina la ofisi na simu inayopokelewa. Yule anayetunza orodha ya kuunganisha namba na majina asiwe mtafiti anayeitumia. Mradi ukifungwa, jukumu la kujibu lihamie kwa mtu anayetajwa kwa cheo, lisipotee na mkataba wa meneja. Na kabla mradi wowote haujapewa kibali cha kuhifadhi sampuli kwa miaka mingi, uonyeshe fedha za kuzitunza baada ya ufadhili kwisha. Umeme ulipokatika nchi nzima Agosti 2023, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia gizani. Friza inataka jenereta, mafuta, na mlinzi anayejua afanye nini kengele ikilia saa nane usiku. Sampuli iliyoyeyuka kwa uzembe ni dharau kwa mtoto aliyechomwa sindano.

Kuna wanaotaka kila utafiti mpya urudi kuomba ridhaa upya kwa kila mtu. Kwa heshima, sikubaliani nao. Nimebeba fomu hizo kwenye jua. Najua watu wanachoka, na najua mtu anayeulizwa mara kumi husaini mara ya kumi bila kusikiliza. Ridhaa pana, ya kuruhusu tafiti za baadaye, ni ya haki ikiwa mtoaji anaarifiwa mara kwa mara kinachoendelea na anajua namna ya kujitoa. Uingereza, UK Biobank iliandikisha watu 500,000 kati ya 2006 na 2010 kwa ridhaa ya namna hiyo, ikaunganisha sampuli zao na rekodi za hospitali, na hutangaza hadharani tafiti ilizoziidhinisha. Na aliyejiunga anaweza kujitoa. Wao walijiunga wakiwa watu wazima wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Sisi tulianza na watoto wachanga. Hapo ndipo wajibu wetu ni mzito zaidi.

Kuna pia wanaodai hakuna tone la damu litoke Kenya. Hao nao naelewa uchungu wao, lakini kipimo fulani kikiwa hakipatikani hapa, mgonjwa ndiye anayeumia tukikataa. Kusafirisha kuwe jambo la pekee lenye sababu iliyoandikwa, maana Kilifi walisoma vinasaba vya korona wenyewe, na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, wana benki ya sampuli inayohudumia tafiti za Afrika. Kile kinachosalia baada ya kipimo kirudi, au kiteketezwe na hati ya kuteketezwa ije nyumbani.

Kuhusu vijana waliotolewa damu wakiwa wadogo, ninaomba jambo mahsusi kutoka kwa Waziri na Kamishna wa Data kwa pamoja: mtoe agizo kwamba kila benki iliyo na sampuli za watoto iandae ndani ya mwaka mmoja mpango wa kuwafikia waliotimiza miaka 18. Ujumbe usiende kwa barua iliyofungwa wala kwa simu ya mzazi, kwa sababu kuna vijana ambao damu yao ilichukuliwa katika tafiti za magonjwa ambayo jirani hapaswi kuyajua. Uende kwa maneno ya jumla kupitia barabara ambazo watu wanaziamini: baraza la chifu, redio za Pwani, wahudumu wa afya wa jamii, na wale wawakilishi wa jamii ambao watafiti wa Kilifi wamekuwa wakishirikiana nao kwa miaka. Kijana aambiwe kwamba kama alizaliwa au kulelewa eneo hili miaka fulani, huenda sampuli yake ipo. Aambiwe pia mahali pa kuuliza kwa siri, na mambo anayoweza kuamua. Akisema iendelee, ashukuriwe. Akisema iondolewe, iondolewe, na asiulizwe sababu.

Nina hakika kwamba wengi watasema iendelee. Nimewajua watu hawa maisha yangu yote. Wameshika watoto wao wachomwe sindano kwa ajili ya watoto wa wengine, na wakiambiwa chanjo ilifanya kazi kwa sababu yao, watajivuna.

Ninaomba jibu la barua hii kwa Kiswahili, na lisomwe katika mabaraza ya Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Ganze na Malindi kabla ya bajeti ijayo ya kaunti, ili wananchi waweze kuuliza Bunge la Kaunti limetenga nini kwa kazi hii. Mimi na wenzangu niliofanya nao kazi nyanjani tuko tayari kuzunguka vijijini kueleza, kama tulivyozunguka kuomba damu.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mzazi na mfanyakazi wa zamani wa utafiti wa afya, Kilifi